Nani Anaazima? Tuchore Kwanza, Programu Baadaye

Wanachama wanaofika maktaba yetu ya Jumamosi wanalikumbuka lile sanduku la viatu lenye kadi za vitabu. Mwaka jana tuliamua kulistaafisha. Sisi wa kamati ya maktaba tulijifungia jioni tatu, tukaandika programu ya kuazima vitabu, tukaizindua kwa chai na mandazi. Wiki mbili baadaye, mama mmoja anayemleta mwanawe kwenye darasa la Kiswahili alirudisha vitabu vyote, akasema kwa upole, "Wanangu, mashine yenu hainijui." Kweli haikumjua. Ilidai namba ya mwanafunzi, na yeye si mwanafunzi.

Tunayaandika haya kwa sababu klabu inajiandaa kutengeneza programu nyingine, ya kuandikisha wageni wa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Rai yetu ni fupi: kabla ya kuandika programu, uchorwe mchoro wa visa vya matumizi, na uchorwe pamoja na watakaoitumia.

Mbinu hii si ngeni. Ivar Jacobson wa Uswidi aliibuni miaka ya 1980 akiwa katika kampuni ya Ericsson, akaieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1992. Leo mchoro huo ni sehemu ya UML, lugha ya michoro ambayo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa. Vifaa vyake ni vichache. Mstatili ni mpaka wa programu. Nje yake husimama wahusika, wamechorwa kama watu wa vijiti. Ndani mna duaradufu, kila moja ikitaja lengo moja, na mistari inaunganisha mhusika na lengo lake. Mhusika si mtu kwa jina lake, ni nafasi: mtu yuleyule anaweza kuwa msomaji leo na mkutubi Jumamosi ijayo.

Tungechora, tungeona nini? Kwanza, tungelazimika kuuliza nani amesimama nje ya mstatili. Tungemtaja mwanachama, tungemtaja mkutubi, kisha mmoja wetu angeuliza: na wazazi je? Kwenye karatasi, kosa hilo lingefutwa kwa kifutio. Kwenye programu, lilimwacha mtoto mwezi mzima bila kitabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Pili, neno lenyewe "kuazima". Mtu akisema "niliazima kitabu", amekichukua. Akisema "aliniazima kitabu", amepewa na mwenzake. Sisi tuliweka kitufe kimoja, "Azima", mbele ya kila mtu. Mkutubi alikibonyeza akidhani anampa msomaji, kitabu kikaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Mchoro haukubali neno kuning'inia hivyo. Mstari lazima umfikie mhusika, na hapo swali huja lenyewe: lengo hili ni la nani? Tungeona ni la msomaji, na kwamba mkutubi anasaidia tu. Kitufe chake kingeitwa "Azimisha".

Lakini si kila mchoro unafaa. Wako wanaochora duaradufu ya "Kuingiza nywila". Hilo si lengo. Hakuna anayetoka nyumbani kwenye mvua ili aje kuingiza nywila. Maktaba yetu ingetoshwa na tano: kutafuta kitabu, kuazima, kurudisha, kuongeza muda, kuandikisha msomaji. Mishale ya vistari ya "jumuisha" na "panua" nayo itumike kwa nadra. Tumewahi kubishana nusu saa mshale uelekee wapi, na mzazi hayumo hata kwenye karatasi.

Tena, duaradufu ni kichwa cha habari tu. Alistair Cockburn, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya mbinu hii, anasisitiza kwamba kiini chake ni maandishi. Chini ya kila lengo ziandikwe hatua kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na yanayoweza kwenda mrama: kitabu kimepotea, msomaji hana namba.

Wenzetu wa uhandisi wanasema michoro inachelewesha, afadhali kuandika kidogo kidogo na kurekebisha. Kurekebisha ni kuzuri, hatupingi. Ila anayeachwa nje mara nyingi hasemi, huondoka kimya. Yule mama alitufanyia hisani kusema.

Basi tunaomba Jumamosi moja, karatasi kubwa na kalamu. Waje walimu, waje wazazi, na aje mpishi wa pilau, ambaye hatajaza fomu yoyote lakini ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kujua idadi ya wageni. Yule mama tumemwalika, ameahidi kufika. Mpaka programu ya maktaba irekebishwe, tunamwazima vitabu kwa kadi, kutoka lile lile sanduku la viatu.