BARAFU ISIWE KISINGIZIO



Tumechoka kuambiwa Mto Naro Moru unakauka kwa sababu barafu ya Mlima Kenya inaisha. Kuisha inaisha kweli: Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Waliochafua anga kwa viwanda vyao watulipe, hilo hatuliachi. Lakini mchango wa kibarafu hicho mtoni ni mdogo mno. Mto hulishwa na mvua na msitu. Basi mkata miti, na mwenye pampu anayevuta maji usiku bila kibali, wasijifiche nyuma ya barafu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tufike sote barazani. Tunataka vibali vya maji visomwe hadharani, jina kwa jina.