Giaboksi Haijafa, Wacheni Kutuzika Tukiwa Hai

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "Buda, hii giaboksi imekufa, tafuta ingine ya kutoka Japani." Fundi hajaingia chini ya gari. Hajafungua boneti. Ametikisa tu mkono wa gia mara mbili, ukaenda mbele na nyuma kama kijiko kwa uji, na hukumu ikatoka.

Naongea hasa kuhusu Celica za mwisho, zile Toyota walitengeneza kutoka 1999 hadi 2006, za otomatiki. Bado ziko mtaani, na vijana wa rika letu ndio wanazinunua kwa sababu bei imeshuka. (Yule wa kusema gari ya spoti ya otomatiki si gari ya spoti, mwache aendelee kukanyaga klachi kwa foleni ya Thika Road. Hiyo si vita yangu leo.)

Sasa sikiza. Kwa gari kama hiyo, mkono wa gia haushikani na giaboksi moja kwa moja. Katikati kuna kebo: waya wa chuma ndani ya ala, kama breki ya baiskeli tu, lakini huu ni mnene na unasukuma pia, hauvuti peke yake. Ncha moja iko chini ya konsoli, ingine imeshika kamkono kadogo ka chuma kando ya giaboksi. Pale kwa ncha huwa kuna bushi ya plastiki au mpira. Sasa piga hesabu ya gari ya 2001. Zaidi ya miaka 20 ya joto la injini, vumbi na matuta. Bushi inakauka, inapasuka, inaanguka. Ama waya wenyewe unaanza kuchanika uzi mmoja mmoja hadi unakatika. Siku hiyo unaweka D, na giaboksi imekaa P haina habari. Gia zote ziko, mafuta ni safi. Aliyekufa ni mjumbe.

Na ushahidi huwa hapo mbele ya macho! Taa za P, R, N na D kwa dashibodi zinapata habari kutoka kwa swichi iliyofungwa kwa giaboksi yenyewe. Mkono ukisema D na dashibodi iseme P, amini dashibodi. Kebo ikiachana na giaboksi ikiwa D, ukizima gari haitawaka tena, kwa sababu swichi hiyo hiyo hairuhusu staata izunguke gari ikiwa kwa gia. Hapo ndipo unauziwa betri. Halafu staata. Halafu, ukibaki na nguo tu, giaboksi.

Kupima ni kazi ya watu wawili na dakika chache. Zima injini, fungua swichi tu, vuta breki ya mkono, weka mawe kwa magurudumu. Mmoja akae ndani asogeze gia, mwingine aangalie kale kamkono kando ya giaboksi. Kasiposonga, umepata jibu. Sijamaliza chuo, niliacha mwaka wa pili, na hii sikuihitaji digrii kuielewa. Kwa hivyo fundi wa miaka 15 akiniambia hakujua, siamini. Anajua. Ni vile kebo haina faida kama ya giaboksi.

Rafiki yangu alifanyiwa hivyo mwaka jana na gereji moja hapa Nairobi. Alilipia giaboksi nzima, akangoja wiki mbili, gari ikatoka inatembea vizuri. Kwa buti akakuta kebo yake ya zamani, bushi imepasuka katikati. Kumbe walibadilisha na kebo. Sasa swali langu ni moja: giaboksi yake ya zamani, ile nzima, ilienda wapi? Aliuliza. Akaambiwa ilitupwa. Nani anatupa giaboksi Nairobi hii, mahali hata boli iliyotumika ina bei?

Upande ule mwingine kuna wazee wa waya. Hawa hawakuibii pesa nyingi, wanacheza na maisha yako. Bushi imeanguka, wanafunga ncha na waya wa kujengea ama kamba ya plastiki, "itakupeleka tu." Itakupeleka wapi? Kebo ikiwa legevu unaweza kuweka P na giaboksi isifike P. P yenyewe ni jino moja la chuma linaloingia kwa gurudumu la meno ndani ya giaboksi. Lisipoingia, gari iko huru. Umeegesha kwa mteremko, watoto wanacheza nyuma yake, na wewe umeenda kununua chapati.

Usiseme naogopa bure. Mwaka 2022 Ford waliita magari karibu milioni 2.9 kule Marekani kwa sababu ya bushi ya kebo ya gia, gari isije ikajiviringikia yenyewe. Kampuni nzima ilitetemeka kwa kipande cha plastiki. Wewe unakifunga na waya.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawa, haina maajabu. Toa waya hasi wa betri kwanza, kwa sababu magari mengi yana kompyuta ya mifuko ya hewa hapo chini ya konsoli. Fungua konsoli, toa klipu, upande wa injini fungua nati. Kama ni bushi tu, badilisha bushi. Kama waya umechanika, badilisha kebo yote, usikubali kuchomelewa. Zunguka Kirinyaga Road na ile ya zamani mkononi, ulinganishe urefu na ncha. Kisha ipitishe njia ile ile, mbali na bomba la moshi. Kurekebisha: kamkono ka giaboksi kasukume hadi mwisho, P, kisha karudishe mibofyo miwili, R halafu N. Ndani pia weka N. Hapo ndipo unakaza nati.

Na sisi wenye magari tuache kujifanya watakatifu. Msee ana rimu mpya, ana bomba linaamsha mtaa mzima usiku, lakini pesa ya kebo "imekuwa ngumu." Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ikishapita miaka 8, kwa hivyo hizi Celica zilizoko ndizo tuko nazo. Hakuna zingine zinakuja kwa meli.

Kabla hujalipa, mwambie fundi awashe gari ukiwa hapo, mguu kwa breki. Inafaa iwake kwa P na N pekee, na taa nyeupe za nyuma ziwake kwa R tu. Halafu mwambie alete kebo ya zamani. Na kama ametoa giaboksi, hiyo pia ipakiwe kwa gari yako.