Kioo Kisichosuta

Wako wahakiki wanaoshikilia kwamba ulimwengu sambamba mwovu, katika tamthilia za kisayansi za televisheni, ni kioo ambamo jamii hujisuta. Dai hili halina mashiko likipimwa kwa "Mirror, Mirror", kipindi cha Star Trek cha mwaka 1967 kilichoandikwa na Jerome Bixby. Humo Kapteni Kirk anajikuta katika Dola inayotawala kwa majambia na mateso, iliyo tayari kuwaangamiza Wahalkani kwa kuinyima madini ya dilithiamu. Lakini Kirk "mwema" naye alikwenda kwao kuyataka madini yayo hayo. Kweli, hakutumia nguvu. Hata hivyo, Wahalkani walikuwa wamemweleza hofu yao: je, kesho madini hayo hayatatumiwa kuua? Swali hilo zito halijibiwi. Uovu wote unatwikwa Dola ya upande wa pili, na Shirikisho la Kirk linatoka likiwa limetakaswa. Nyani haoni kundule.

Linganisha na "Inferno", kisa cha Doctor Who cha mwaka 1970 kilichoandikwa na Don Houghton. Uingereza ya kifashisti na Uingereza ya kawaida zote mbili zinatoboa gamba la dunia, kwa mradi ule ule na kiburi kile kile. Ya kwanza inateketea. Ya pili inanusurika kwa sababu Daktari ameyashuhudia maangamizi ya mwenziwe. Hicho ndicho kioo. Kile cha Kirk ni pazia.