Likizo isiwe ya kunakili miongozo

Mwezi wa Desemba uliopita nilikuwa nyumbani, viungani mwa mji wa Voi, nikamkuta mpwa wangu wa Kidato cha Tatu ameinamia daftari. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya likizo: wafupishe riwaya ya Fathers of Nations ya Paul B. Vitta, sura baada ya sura. Riwaya yenyewe ilikuwa kando, haijafunguliwa. Alichokuwa akinakili ni kitabu cha mwongozo. Nilipomuuliza viongozi wa Afrika wanakutania nini huko Banjul, alinitazama kimya.

Jioni hiyo hiyo, binti huyo huyo alitusimulia jinsi ndovu walivyovamia shamba la nyanya yake huko Sagalla. Alianza kwa Kisaghala, akaingilia Kiswahili, na kila mmoja wetu akaacha alichokuwa akikifanya ili amsikilize. Kwa hiyo kasoro haimo katika ulimi wa mtoto. Imo katika kazi tunazompa.

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya Kiingereza ina alama 60 kati ya 200 za somo zima. Ishirini kati ya hizo hutolewa kwa insha ya kubuni, na zilizosalia kwa maswali ya vitabu vilivyoteuliwa. Anayenakili muhtasari wa mtu mwingine hajifunzi kubuni wala hajifunzi kusoma. Amechosha mkono tu.

Huko Uingereza na Marekani, shule nyingi huwapa wanafunzi orodha ya vitabu vya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Sisi likizo yetu ndefu huanguka mwisho wa mwaka, na haina upungufu wa mambo ya kuandika. Mwanafunzi aliyeisoma riwaya ya Vitta aandike hotuba ambayo mkulima wa Sagalla, aliyezungushia shamba lake mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu, angeitoa mbele ya marais hao. Mwingine asome The Man-Eaters of Tsavo, kitabu alichokichapisha J. H. Patterson mwaka wa 1907 kuhusu simba waliowaua wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Kwa zaidi ya karne moja ulimwengu umeitazama Tsavo kwa macho ya msimamizi huyo wa ujenzi. Mtoto wa Voi na auandike usiku mmoja wa kisa hicho kwa sauti ya kibarua aliyelala hemani.

Wa tatu akusanye simulizi ya mzee wake na kuiandika kwa Kiingereza. Hapa nazungumza kama mwanaisimu. Nilimwomba mpwa wangu aandike kisa cha nyanya yake, naye akakwama kwenye sentensi ya pili. Katika Kiswahili, kiambishi kimoja humtosha mwanamume, mwanamke na hata ndovu. Kiingereza kilimlazimisha kuchagua: ndovu aliyeongoza kundi aitwe kama kitu au kama mwanamke? Baada ya kufikiri sana alichagua la pili, kwa sababu, alisema, nyanya humzungumzia mnyama yule kama jirani waliyegombana. Somo hilo la sarufi, na la fasihi pia, halimo katika mwongozo wowote.

Najua walimu watapinga, nao wana haki ya kupinga. Darasa la wanafunzi hamsini halisahihishwi kwa siku moja. Basi kazi isizidi kurasa mbili, na wanafunzi wasomeane kwa makundi katika juma la kwanza la muhula. Wazazi nao wamechoshwa na kazi za mtaala mpya zinazowatuma madukani kutafuta karatasi za manila na huduma za kuchapisha. Basi pasinunuliwe chochote zaidi ya kalamu na daftari. Wala sitaki kurudisha kwa mlango wa nyuma masomo ya likizo yaliyopigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Nasema kitabu kimoja na kurasa mbili, basi. Na maadamu siku hizi simu huweza kuandika insha nzima kwa dakika moja, dawa ni kuuliza jambo ambalo nyanya wa Sagalla pekee ndiye alijuaye.

Linabaki suala la vitabu. Aghalabu maktaba ya shule hufungwa kwa kufuli siku wanafunzi wanapoondoka, ilhali huo ndio wakati wa kukopesha kila mmoja kitabu kimoja, dhidi ya sahihi ya mzazi. Fauka ya hayo, Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta haina budi kuhakikisha kwamba mtoto wa kibarua wa mashamba ya mkonge ya Mwatate anapata kitabu cha likizo sawasawa na mtoto wa mhadhiri.

Jambo hili halifai kungoja. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza shule ya upili ya juu mwaka wa 2026 wamekuta Fasihi ya Kiingereza ikiwa somo la kuchagua. Wasioichagua, tusipowapa vitabu wakati wa likizo, tutawapa lini?