Ukungu Nyuma ya Picha

Msomaji, sina ugomvi na ukungu wa picha. Ugomvi wangu ni na wale wanaousifu kwa sababu umefuta kila kitu.

Mwanachuo wangu mmoja aliniletea picha ya mwenziwe, aliyoipiga Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Uso ulikuwa safi, hata kope zilihesabika. Nikamwuliza, "Nyuma yake pana nini?" Akajibu kwa fahari, "Hapana kitu, mwalimu. Lenzi hii hufuta vizuri." Hapana kitu! Palikuwa na mlango wa nakshi, na juu yake roshani ya mbao. Vyote viwili vimekuwa uji wa rangi ya kahawia. Picha ile ingaliweza kupigwa mbele ya ukuta wowote mchafu duniani.

Wajapani wameupa ukungu huo jina, boke, na wajuzi huupima kwa ulaini wake. Lenzi njema huigeuza taa ya mbali kuwa kisahani cha mviringo chenye ukingo mwororo. Lenzi mbaya huipa ukingo mkali, na vijiti vya kimia cha dirisha huvifanya viwili viwili, vikasumbua jicho. Kipimo hicho ni cha haki, ila ni nusu ya kipimo. Mimi nauliza pia: kilichofifia chajulikana bado? Mlango uliolainika ukabaki mlango humpamba aliyesimama mbele yake.

Watasema kwamba mandhari humnyang'anya mtu macho ya watazamaji. Wateja wa kivuko cha Likoni hawakuona hivyo. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa pale walitundika nyuma yao michoro ya meli, ndege na majumba marefu, na mteja alitoa fedha yake kwa hayo pamoja na uso wake.

Simu za leo zimezidi. Lenzi hufifisha vitu kwa kadiri ya umbali wao. Simu nyingi hukisia kwa hesabu ukingo wa mtu, zikapaka ukungu nje yake, na zikikosea hula ncha ya ushungi.

Dawa ni nyepesi: punguza tundu la lenzi, umsogeze mtu karibu na mlango. Nilimrudisha mwanachuo yule Ndia Kuu akaijaribu. Mlango ulikuwapo, roshani mafundi walikuwa wamekwisha kuishusha.