Nyumba ya Marehemu Imeuzwa, Yeye Anakwenda Wapi?



Ndugu yangu, dada yangu, kuna jambo kwenye vikao vya mirathi tunalipita harakaharaka. Mzee amefariki, mama alishatangulia. Ndani ya nyumba kabaki mtoto mwenye ulemavu wa akili, mtu mzima wa miaka arobaini. Nyumba inauzwa. Yeye ataishi wapi?

Nakiri kosa langu kwanza. Niliwahi kuitwa kugawa mirathi kama hiyo. Hesabu niliipiga sawasawa, na yule ndugu nikamwekea fungu lake kamili kama kaka zake, maana upungufu wa akili haumtoi mtu kwenye mirathi. Tukasoma dua, tukanywa chai, nikaondoka. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka kukaa wapi, na mimi nikiwemo. Naye alikuwa pale pale barazani!

Mtaani kwetu alikuwa akifagia uwanja wa msikiti kila alfajiri. Muuza maandazi anamjua, watoto wa madrasa wanamjua. Kaka yake akamchukua mji mwingine. Kila akisikia adhana anatoka kuutafuta msikiti wake, anapotea. Mwisho wakawa wanamfungia mlango. Chakula anapata, nguo anapata, hapigwi. Lakini amefungiwa.

Suratun-Nisaa, aya ya 5, inakataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, ikaamrisha walishwe na wavishwe, kisha wasemeshwe kwa maneno mema. Kusimamia mali tumekushika vizuri (wengine tumekushika mpaka tumeila). Kumsemesha tumekuacha. Na utamsemeshaje mtu vizuri bila kumuuliza linalomhusu?

Katika Sahih Muslim, Anas (R.A.) anasimulia habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana haja naye. Mtume akamwachia achague njia yoyote aitakayo, akaenda naye, akasimama naye mpaka akamaliza haja yake. Hakusema, "Mrudisheni kwao."

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Kweli, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ibara ya 19, unampa mwenye ulemavu haki ya kuchagua aishi wapi na nani, na Tanzania iliuridhia 2009. Lakini yule mwanamke wa Madina aliachiwa achague karne nyingi kabla yake.

Utaniambia, "Sheikh, huyu hajui anachotaka." Umemuuliza? Mpeleke alale siku mbili kwa kaka, siku mbili kwa shangazi. Asiyeweza kusema, tazama miguu yake inaelekea wapi, wapi anakula akashiba, wapi anakaa analia. Huenda analotaka lisiwezekane lote, hilo naelewa, pesa hazitoshi. Wala msimtwishe dada mmoja mzigo wote eti kwa sababu hajaolewa.

Ila wakati mwingine inawezekana. Fungu lake ni amana, linaweza kuwa chumba kimoja cha uani katika nyumba ileile. Jirani mwaminifu amtazame jioni, na kamati ya msikiti ipange zamu ya chakula. Ninyi mlio na nyumba kama hiyo sasa hivi, kabla hamjampigia dalali, iteni kikao kingine na yeye awemo ndani.

Wabillahi tawfiq.