Ngoja Kwanza Nihifadhi

Juma hili twaanza na kosa letu wenyewe.

Nyumbani mwetu twaishi na kijana wa miaka 19, mwana wa dada yetu. Mamake yuko Saudia kikazi, huu ni mwaka wa nne, nasi ndio tuliobaki naye. Kidato cha nne amekwisha maliza, chuo hajaanza, na jioni zake nyingi huishia mbele ya televisheni na padi mkononi. Siku moja adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha, nasi tukamwita mara ya tatu. Akajibu, "Khalati, ngoja kwanza nihifadhi." Tukaona huo ni ukaidi. Tukaenda ukutani tukazima swichi.

Hakusema neno. Alitawadha akaenda msikitini. Kimya kile ndicho kilichotukaa moyoni, hata baada ya Isha tukamwomba atuonyeshe alikuwa akihifadhi nini.

Mchezo wenyewe waitwa Alien: Isolation. Ulitoka Oktoba 2014, kazi ya kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, ambayo kabla ya hapo ilijulikana zaidi kwa michezo ya kupanga majeshi na vita. Asili ya kisa ni filamu ya Alien ya mwaka 1979. Mchezaji huwa ni Amanda Ripley, fundi wa mitambo, ambaye mamake, Ellen, alitoweka angani pamoja na chombo chake miaka 15 iliyopita. Amanda apata habari kwamba kifaa cha kumbukumbu za safari ya chombo kile kimeonekana, nacho kiko katika kituo cha angani kiitwacho Sevastopol. Aenda kukitafuta. Akifika akuta kituo kimekufa nusu: taa zapepesa, watu wachache waliosalia waogopana wao kwa wao, roboti zenye sura za binadamu zimegeuka wauaji, na ndani ya njia za hewa latambaa dude moja refu ambalo haliuawi.

Haliuawi kwa lolote. Risasi hazilidhuru. Moto hulifukuza, illa kwa muda tu, na kila lirudipo huwa limeuzoea zaidi. Basi hakuna ila kujificha: chini ya meza, nyuma ya sanduku, kabatini. Ukiwa kabatini nalo likaja kunusa mlangoni, wapaswa kuzuia pumzi, na ukizuia mno waumia. Mkononi Amanda ana kifaa kinachoonyesha kila kinachotembea karibu naye, lakini kifaa chenyewe hulia, na dude likiwa jirani hukisikia. Kinachokuokoa ndicho kinachokuchongea.

Tulipouliza mbona dude halipiti njia moja siku zote, kijana akatueleza jambo ambalo watengenezaji wenyewe wamelisimulia. Dude lina akili mbili, tuseme hivyo. Iko moja ya juu, ijuayo daima mchezaji yuko wapi, nayo hulisukuma dude kuelekea upande ule. Lakini haliambii mahali hasa. Kilichobaki dude hulazimika kukitafuta kwa macho na masikio yake. Sisi tuliocheza kibe utotoni twamjua mtafutaji wa namna hiyo, yule aliyechungulia kidogo kati ya vidole: hajui umejificha wapi, ila ajua ni ua upi.

"Halikaririki, Khalati," akasema. "Hapa huwezi kuwa hodari. Waweza kuwa makini tu."

Hapo tulianza kufahamu raha yake. Michezo mingi ya aina hii humpa kijana nguvu asizo nazo, akapiga, akaua, akapita. Huu wamnyima. Wamfundisha kukaa kimya na kusikiliza hatua juu ya dari. Nasi tukajua kwa nini huzima feni hata joto la Machi likiwa limetuelemea: huwa ataka kusikia.

Sasa kuhusu kuhifadhi. Mchezo huu haujihifadhi kila baada ya hatua chache, kama ilivyo mingine. Huna budi kufika kwenye kisanduku fulani ukutani, mfano wa simu, utie kadi, kisha ungoje taa tatu ziwake moja baada ya moja. Katika kungoja huko dude laweza kukujia kwa nyuma likakumaliza, na yote uliyoyafanya tangu kisanduku kilichopita yapotee. Siku ile tulipozima swichi, alikuwa amejificha na kutambaa karibu saa nzima, na kisanduku kilikuwa mwisho wa ukumbi aliokuwamo.

Tulimwomba radhi. Hata hivyo tulimwuliza pia: hakuna namna ya kuusimamisha tu, ukenda kuswali ukarudi? Akacheka, akakiri ipo. Alichohofia ni umeme kukatika, na kwa mtaa wetu hofu hiyo si ya bure. Lakini Magharibi ni fupi, na umeme ukikatika hukatika hata kwa aliyekaa akautazama.

Nasi tulijaribu kucheza. Tulikufa mara saba kabla ya kutoka chumba kimoja, na mara ya saba tulikuwa tumejificha barabara, ila mguu mmoja, kwa dhana yetu, ulikuwa nje ya meza. Ghadhabu yake ni ya kweli. Zaidi ya hayo, mchezo ni mrefu kupita haja. Wahitaji karibu saa 20 kuumaliza, na wachambuzi kadhaa waliulalamikia urefu huo tangu ulipotoka. Twaungana nao. Mlango hauna umeme, nenda ukauwashe. Umewaka, sasa tafuta kadi. Kadi umepata, rudi ulikotoka. Aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa kilichokosewa jina hahitaji kwenda angani kwa mambo hayo.

Liko moja tusilolifanyia mzaha. Ulaya mchezo huu umetiwa alama ya 18, na Marekani ni wa wenye miaka 17 kwenda juu. Damu imo, na vifo vyake ni vya kutisha. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa akiutazama akiwa nyuma ya kochi bila ya sisi kujua, na kwa siku kadhaa akakataa kwenda chooni peke yake. Tangu Desemba 2021 upo hata kwenye simu, kwa hivyo mzazi asidhani kwamba sebuleni ndiko tu unakochezwa. Kwetu sasa huchezwa wadogo wakisha lala, na mlango ukiwa umefungwa.

Juma lililopita kijana alituita tukae naye. Alikuwa amekaribia mwisho, mahali ambapo Amanda hatimaye apata ujumbe ambao mamake alimrekodia. Sauti ni ya Sigourney Weaver, yule yule aliyeigiza Ellen katika filamu. Mama yule amwambia binti yake kwa nini hakurudi. Kijana wetu aliusikiliza ujumbe hadi mwisho, kisha akaufungua tena. Wakati wa kulala ulikuwa umepita kitambo. Hatukugusa swichi.